Mwanafunzi Wangu Ameacha Dawa kwa Sababu ya Ushuhuda Wangu

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Hapa Machakos naheshimika, na kuna kina mama wa darasa langu wanaofuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, fundi wa nguo, na bwanangu ni mzee wa kanisa. Kwa miaka sita nimekuwa nikifundisha kina mama ufuasi nyumbani kwangu Kalama, kila Alhamisi mchana. Sifundishi maneno makubwa. Nawaambia kumfuata Yesu si Jumapili peke yake. Ni vile unamsalimia jirani mliyekosana mkikutana kisimani, ni vile unapimia mtu maharagwe sokoni wakati haangalii. Na kila mara nawaambia, "Msiangalie mdomo wangu, angalieni vile ninaishi." Leo hayo maneno nikiyakumbuka nasikia baridi.

Mwaka jana msimu wa kupanda, dawa zangu za presha ziliisha. Haikuwa imani, ilikuwa shughuli za shamba, sikupata siku ya kwenda kliniki. Wiki tatu zikapita nikijisikia mwepesi tu. Alhamisi moja somo lilikuwa kumtegemea Mungu, nikakosa mfano, na mdomo wangu ukasema, "Mimi niliacha dawa za presha kwa imani, na mnaniona nimesimama." Kina mama walipiga vigelegele. Wengine walilia. Siku nne baadaye nilianguka shambani, bwanangu akanikimbiza hospitali, na tangu siku hiyo sijakosa dawa hata asubuhi moja. Darasani tulisema nilikuwa nimesafiri. Sikurekebisha. Kila Alhamisi nilijiambia nitarekebisha ile ijayo.

Sasa kuna mwanafunzi wangu nitamwita Mwende, ana miaka thelathini na sita. Sijawahi kupata mwanafunzi kama yeye. Nilipofundisha kusamehe, kesho yake alienda Masii kwa mama mkwe wake ambaye hawakuwa wameongea naye miaka mitano, akamfulia nguo na kumpikia. Nikifunga kitambaa hivi, na yeye anafunga hivyo. Hata kabla ya kuomba anakohoa kidogo kama mimi. Nilikuwa najivunia. Sikujua ana ugonjwa wa sukari, na sikujua kwamba jioni ya ule ushuhuda alienda nyumbani akatupa dawa zake kwenye choo.

Mwezi wa pili huu bwana yake, Kioko, alinipata kwa cherehani yangu mjini. Akaniita mwaitu, kama anavyomwita mamake.

"Mwaitu, mwanafunzi wako anakunywa mtungi mzima wa maji kwa siku. Sisimizi wamejaa pale anapokojoa. Na mguu una kidonda chini ya kidole, umekuwa mweusi."

"Mpeleke hospitali leo," nikamwambia.

"Amekataa. Anasema Mwalimu hakupelekwa."

Alhamisi hiyo Mwende alikuja amevaa gambuti za mvua, na jua lilikuwa kali. Alikaa karibu na mlango. Katikati ya maombi nilisikia harufu, na inzi walikuwa wakizunguka miguu yake tu. Yeye ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wengine walipoondoka nilimshika mkono, nikamwambia ukweli wote. Nilimwonyesha kadi yangu ya kliniki, nikamwonyesha vidonge vyenyewe. Nikamwambia, "Mwende, nilidanganya. Nakuomba twende hospitali sasa hivi, mimi na wewe."

Aliangalia ile kadi, akanirudishia polepole, akatabasamu.

"Mwalimu, nilijua siku hii itakuja. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jaribu kubwa linaletwa na mtu unayempenda. Sitakuangusha. Na kama kweli umerudi nyuma, nitakuombea, sitamwambia mtu."

Akatoka akichechemea.

Nilienda kwa mchungaji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango. Akasema, "Ukitangaza hayo, imani ya wangapi itaanguka? Mwachie Mungu." Bwanangu naye ananiambia ninyamaze, eti tutaonekana familia ya waongo. Na nisiwafiche, hata mimi naogopa aibu.

Lakini kuna jambo nimejua jana. Mwende ameanzisha darasa lake kule Masii, kwa mama mkwe wake. Ana kina mama saba. Mmoja wao ana mtoto wa kifafa anayekunywa dawa kila siku, na Kioko ananiambia huyo mama ameanza kuuliza kama naye amwachishe mtoto dawa. Mwende anawafundisha neno kwa neno vile nilimfundisha, na anawaambia ameyatoa kwa mtu aliyeyaishi.

Jumapili hii mchungaji amempa nafasi ya kushuhudia mbele ya kanisa zima. Mimi nimepangiwa kusimama kando yake nimtambulishe kama mwanafunzi wangu. Kioko amenipigia simu asubuhi hii, anasema homa imempanda na weusi umefika kifundo cha mguu, lakini bado hataki hospitali. Anapiga pasi nguo ya Jumapili.

Leo ni Ijumaa. Sijui kama hata nikikiri mbele ya watu wote ataniamini, au atasema tena ni jaribu. Sijui kama nimngoje hiyo Jumapili, au niende sasa na Kioko tumbebe kwa nguvu, na yule mama wa Masii nimwambie nini. Wenzangu, hasa nyinyi mnaofundisha wengine, msinitukane kwanza, nitukaneni baadaye. Niambieni nianzie wapi, na mniambie leo.