Nani Kafanya Mtihani wa Marselina?

Ujumbe ulimkuta Marselina anachambua maharage uani kwetu, hapa Tangini, Kibaha. "Hongera, mtihani wako umepokelewa." Akausoma, akausoma tena, ungo ukamponyoka.

"Mama Blessing!" akaniita. "Mimi mtihani sijafanya!"

Tumepanga nyumba moja, mlango kwa mlango. Marselina anafundisha chekechea, watoto wanampenda, na kwa uoga hana mfano: panya akipita darini anahamia kwangu na shuka lake. Mwaka huu mwenye shule aliwatangazia walimu kwamba asiye na stashahada atafute kazi kwingine. Ndiyo akajiunga na chuo cha mtandaoni, na huo ulikuwa mtihani wake wa mwisho.

"Basi shukuru Mungu," nikamtania. "Malaika kakufanyia."

"Usinitanie, dada! Watasema nimekodi mamluki!"

Utani ukaniishia mdomoni. Chuoni kwao, anayefanyiwa mtihani na mtu mwingine hufukuzwa pamoja na huyo mamluki wake. Hakuna cha samahani.

Akafungua mfumo wa chuo kwenye simu. Majibu yote yalikuwemo. Swali la mwisho lilitaka mwalimu aeleze mtoto mmoja aliyemsaidia. Huyo mtu alikuwa ameandika habari za Mwinyijuma, mtoto wa chekechea iliyo nyuma ya soko la Kisarawe. Tangu mama yake afariki alikuwa hasemi neno, mpaka mwalimu alipompa kazi ya kuita majina ya wenzake kila asubuhi. Marselina alisoma huku analia.

"Na ni majibu mazuri," akasema. "Mimi nisingeweza hivi."

"Nyamaza basi! Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na huyu mwalimu je? Si kwake itaonekana hakufanya?"

Nikafyonza tu. Siku zilizofuata hakula. Simu ikilia anaruka, hata kama ni yangu. Nami, mdomo wote huu mnaoujua, nikaanza kuogopa. Mwisho nikamwambia avae twende Kisarawe, maana nyumba ilikuwa haikaliki.

Chekechea tuliipata. Mwalimu mwenyewe, Raudha, mwembamba, kajitanda ushungi, alikuwa anawanawisha watoto mikono. Marselina hata salamu alisahau.

"Mwinyijuma ndiye yupi?"

Yule mwalimu akamvuta mtoto mmoja nyuma yake. "Nyinyi ni akina nani? Mmetumwa na chuo?"

Tulipomweleza alijikalia kwenye kiti cha watoto, magoti juu. "Chuo kimeniandikia kwamba sikufanya mtihani," akasema. "Nimewaapia wee, wananiona mwongo. Jamani, sijalala."

Tukaanza kukumbushana siku ile ya ujumbe. Raudha alikuja Kibaha kumwona kaka yake anayefanya kazi kiwandani Zegereni, akaingia steshenari ya Hashiru hapa mtaani kwetu, akakalia kompyuta ambayo Marselina alikuwa ametoka kuiacha baada ya kujisomea. Vyuo vyao ni viwili tofauti, lakini vimeungana, wanasoma somo hilohilo, mtihani wao ni mmoja, na akaunti moja inafungua milango yote. Marselina alifunga mlango wa chuo chake akajua katoka, kumbe geti kubwa, yaani ile akaunti, kaliacha wazi. Raudha alipofungua chuo chake, mfumo haukumuuliza hata nywila. Akausifu mtandao wa Hashiru, akaanza kujibu.

"Jina hukuliona pale juu?" nikamfokea.

"Dada yangu, muda wa mtihani unakimbia, jina nalitazamia nini?"

Siku ileile waliviandikia vyuo vyote viwili. Majibu yalikuja ya kutisha. Marselina aliitwa kikao cha nidhamu kwa simu ya video, na Raudha akaambiwa asubiri kwanza. Mumewe aliposikia siku ya kikao, akamwonya asimsogelee kabisa Marselina, maana wakionekana pamoja itasemwa walipanga.

Siku ya kikao Marselina alishindwa kushika simu, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari. Mwenyekiti hakuzungusha maneno.

"Mtu kafanya mtihani kwa jina lako. Nani atatuthibitishia kwamba hukumtuma?"

Marselina akanigeukia mimi. Nilitamani nimjibie, lakini kikao si changu. Nikaomba Mungu kimoyomoyo, nikimwona shoga yangu anakwisha hivihivi.

"Hodi!"

Alikuwa Raudha, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapita bila kungoja karibu, akaketi mkekani, akasogeza uso kwenye simu.

"Shikamooni. Huyo mamluki ni mimi. Hakunituma. Angekuwa kanituma, asingenifuata mpaka Kisarawe kunirudishia mtihani wangu. Nilikuwa simjui hata sura."

"Mwalimu," mwenyekiti akamwambia taratibu, "unajua kwamba na wewe unaweza kufukuzwa?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana natetemeka hivi."

Wakatuambia tusubiri, kioo kikawa cheusi. Marselina akaushika mkono wa Raudha. Waliporudi, mwenyekiti alisema kwamba majibu yatahamishiwa kwa Raudha mwenyewe, na Marselina atafanya mtihani wake upya mbele ya msimamizi.

Simu ilizimika na hakuna aliyeinuka. Walibaki vilevile mkekani, wameshikana mikono, kama vile bado wanangoja hukumu. Nikaenda kubandika chai.