Aliyenipisha Njia Kwenye Filamu

Haya ninayoandika yametokea ndani ya banda langu mwenyewe, mchana, watu wamejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Usiponiamini sikubembelezi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, nikalima mpunga wa watu, nikanunua shamba langu la kokoa, na kwa kokoa hiyo nikajenga banda la video hapa Ngonga, la matofali ya kuchoma na bati jipya, si haya mabanda ya maturubai unayoyajua wewe. Mtu kama mimi anatafuta nini kwenye uongo? Ila nimesikia kisa hiki kinasimuliwa vilabuni na kwenye magari ya Mbeya, kila mtu anaongeza chumvi yake. Ndiyo maana nimekaa chini nikiandike mwenyewe.

Nianze na mwanangu Ambakisye. Alioa kwa Wakisi, watu wa ziwani, kule Ikombe, ambako hakuna barabara, unafika kwa mtumbwi. Wanawake wa kule wanafinyanga vyungu kwa mikono, na huyo mke wake alikuwa anarudi kwao kila kiangazi kumsaidia mama yake kuvichoma na kuvileta sokoni Matema. Siku moja upepo ukapindua mtumbwi. Wenzake waliopolewa, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Hata kitenge chake hakikuonekana.

Tuliweka matanga. Ambakisye hakukaa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amekufa. Akaacha mpunga wake ukaliwa na ndege, akaacha kunyoa, akahamia Matema kwa shangazi yake, kutwa amekaa mchangani anaangalia maji. Shangazi alikuwa ananipigia simu, ananiambia sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Halafu akanipigia siku moja, sauti ndogo. Ambakisye amemwambia, "Shangazi, nikichoka kumngoja nitamfuata." Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Alisema kama mtu anayepanga kwenda gulioni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na mimi si mwoga, waulize.

Sasa kuna jambo lazima ulijue kwanza, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutani na wewe. Akikuona njiani anaacha njia, anaingia kwenye migomba, anachuchumaa na kukupa mgongo mpaka upite. Jina lako halitaji. Hakuangalii, na wewe humwangalii. Watoto wa siku hizi wamelegeza, wanakula meza moja na baba mkwe na kumwomba awapitishie chumvi. Mji wangu, nyumba yangu yote, haukulegeza. Yule binti alikuwa Mkisi, hakuzaliwa kwetu, lakini heshima ile aliishika kuliko mabinti zetu. Kwa hiyo nisikilize vizuri: miaka yote aliyokaa kwenye mji wangu, uso wake siujui. Ungeniletea picha yake ningekuuliza huyu nani. Mgongo wake ndio naujua. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kitenge anakivuta juu ya kichwa kwa mkono anaoupitisha nyuma, na kichwa anakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza ukuta.

Haya. Kuna kijana wa hapa anaitwa Lusajo, yeye na wenzake wametengeneza filamu kwa simu. Muuaji anatoka ziwani anawamaliza watu wa kijiji mmoja mmoja. Picha walikwenda kuzipiga Ikombe, kiangazi kile kile baada ya msiba. Akaja kuniomba banda aionyeshe kwa mara ya kwanza, nikampa Jumamosi mchana. Ambakisye akasikia. Nilishangaa kumwona amefika, ndevu zimejaa, shati linaning'inia.

"Umekuja kuangalia sinema?" nikamwuliza.

"Nimekuja kuyaangalia maji ya kwao, baba," akasema. "Nikimaliza narudi."

Nilitaka kumwuliza anarudi wapi. Badala yake nikamwambia akae mbele.

Filamu ikaanza, na mvua nayo ikaanza, ile ya kwetu ambayo haina mbele wala nyuma. Mimi niko mlangoni. Nikwambie ukweli, ilikuwa filamu mbovu. Muuaji kapakwa unga wa sembe usoni, ukilowa unakuwa ugali. Panga lake la boksi linakunjika akimkata mtu. Damu unaiona kabisa ni nyanya, ina mbegu. Watu walicheka mpaka wakalia.

"Lusajo, mzimu wako umevaa ndala," mmoja akasema.

"Zilikuwa zimekatika, nikamfungia waya," Lusajo akajibu kutoka kwenye mashine ya kurusha picha ukutani, bila aibu.

Mama Subi, jirani yangu, muuza vitumbua, yeye alikuwa anaongea na filamu kama anaongea na wanawe. "Wewe binti, mbona unarudi huko huko? Umeacha nini? Haya, kufa basi, tumekuonya." Banda zima linapasuka. Ambakisye peke yake hacheki. Ameegemea mbele, anaangalia nyuma ya waigizaji, anaangalia maji.

Upepo ukang'oa pembe ya turubai jeusi nililofunika dirishani, mwanga ukaingia. Nikatoka nje kulifunga. Niko huko nafunga kamba, maji yananiingia mgongoni, ndipo kelele za ndani zikakatika.

Niamini mimi. Nimeendesha banda muda mrefu. Najua watu wakiogopa wanavyonyamaza, najua wakisinzia. Kunyamaza kule sikuwahi kukusikia. Nikaacha kamba, nikaingia.

Kwenye ukuta kulikuwa na ufuko wa Ikombe, moshi wa vyungu vinavyochomwa, muuaji anakimbia kwa mbali. Na mbele, karibu mno kuliko mwigizaji yeyote, kulikuwa na mwanamke amesimama na chungu kichwani, ametuelekea. Nilimwona hivyo kufumba na kufumbua tu, uso sikuudaka. Mguu wangu ulipogusa sakafu ya ndani, akatua chungu, akavuta kitenge juu ya kichwa kwa mkono wa nyuma, akaacha njia, akachuchumaa na kutupa mgongo.

Bega la kushoto limeshuka.

Banda zima likageuka kuniangalia mimi. Unajua ilivyo kuangaliwa na watu wote waliolipa kuangalia kitu kingine?

"Mzee wangu," Mama Subi akasema, taratibu, "toka nje."

"Nitoke wapi? Hapa ni kwangu."

"Tunajua ni kwako. Toka."

"Nimekosa nini? Kuna nini?"

Lusajo akasema, "Mzee, mama huyo hatukumpiga picha sisi. Nimebonyeza isimame. Imesimama. Angalia."

Nikaangalia. Kweli, muuaji alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani. Wimbi lilikuwa limesimama likiwa limejikunja. Moshi umesimama kama pamba. Na yule mwanamke, katikati ya vitu vyote vilivyoganda, kitenge chake kilikuwa kinatikisika. Alikuwa anapumua. Mkono ukatoka, ukavuta pindo ukajifunika zaidi, kama mtu anayeona mpitaji amechelewa kupita.

Utaniuliza, kwa nini sikutoka hapo hapo? Kwa sababu nina kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kilichonijengea banda. Sijawahi kufukuzwa kwangu. Na kuna jambo jingine. Ambakisye alikuwa amesimama. Alikuwa anakwenda kwenye ukuta, hatua ndogo ndogo, mikono mbele, kama mtu anayeingia majini na hajui kina. Nikaona ananipotea mbele ya macho yangu. Swichi kubwa ya umeme iko pale mlangoni. Nikaishika. Nikasema moyoni, nazima, na mambo yote haya yanakwisha.

"Usizime," Mama Subi akasema. Alikuwa ameshanifikia na kunishika mkono, mwanamke ambaye hajawahi kunigusa hata kwa salamu. "Ulipokuwa nje alikuwa anamwita mumewe. Alikuwa anaanza kusema. Umeingia, akanyamaza. Hawezi kusema wewe ukiwepo, hujui?"

"Huyo amekufa."

"Kwani akifa anaacha kuwa mkweo?"

Mkono wangu ukabaki kwenye swichi. Wewe ungemjibu nini? Taa ya mashine ikafifia, ikarudi. Umeme wetu ukisikia mvua haukai, kila mtu hapa analijua hilo. Ikafifia tena, na picha ukutani ikawa nyeusi nusu, na nikamsikia mwanangu akitoa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo wa kubebwa.

"Baba," akasema. Hakugeuka. "Baba, naomba upite."

Hakusema nitoke. Alisema nipite, kama tunavyosema njiani. Hapo mkono wangu ukaachia swichi wenyewe.

Nikatoka. Nikapita mlango, nikapita kibaraza, nikaenda mpaka kwenye mvua, mahali ambapo mtu wa ndani hawezi kuniona hata kwa bahati mbaya. Nikageuza mgongo kuelekea banda langu. Mzee mzima, nimesimama kwenye tope, kofia inachuruzika, nimempisha mke wa mwanangu njia. Yeye alikuwa amenipisha miaka yote ile, na mimi nilikuwa napita tu, hata kuharakisha siharakishi.

Nilisikia nini? Mvua kwenye bati, basi. Nilijaribu kusikiliza, halafu nikaona aibu, nikaacha. Ilichukua muda gani siwezi kukwambia. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, umeme ukae. Mimi ni Mkristo wa siku zote, na siku ile niliuombea umeme kama mgonjwa.

Kisha nikasikia sauti ya mwanangu, juu ya mvua, haitetemeki. Alisema, "Ndaga." Ndiyo asante yetu. Akasema tena, "Ndaga fijo." Asante sana. Na baada ya hapo umeme ukakatika, kijiji kizima.

Watu wakatoka. Hakuna aliyekimbia, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Walitoka polepole kama wanatoka kanisani, wakanipita pale kwenye tope bila kuniangalia. Mama Subi aliniwekea kanga yake begani akaendelea na safari yake. Ambakisye akatoka mwisho. Akasimama karibu yangu.

"Baba, una wembe?"

Nikamgeukia. "Wembe wa nini?"

"Ninyoe," akasema. "Nataka kukaa matanga ya mke wangu. Yuko majini, ametulia. Nisimngoje."

Tulimnyoa jioni ile ile, kwenye kibaraza, na alilia kama inavyotakiwa mwanaume alie, kwa sauti, hadharani. Akaomba chakula. Nilisimama jikoni nikamwangalia anakula ndizi, nikamfokea mke wangu kwamba ameweka chache, maana nilikuwa sijui niseme nini kingine.

Siku hizi yuko shambani kwake. Matema anakwenda kusalimia shangazi yake na kurudi. Filamu ile Lusajo aliipitia tena na tena. Mahali pale kuna moshi, kuna maji, kuna mtu wa unga anakimbia na ndala ya waya. Mwanamke hayumo. Hajaionyesha tena, na kazi ya filamu amemwachia mwenzake, yeye anauza vocha.

Maneno aliyoyasema mkwe wangu siyajui. Banda zima liliyasikia, watoto wadogo waliyasikia, mimi mwenye banda siyajui. Mlevi mmoja alitaka kuniambia kilabuni, nikamwambia akifungua mdomo nitampiga na kiti, na sikuwa namtania. Yalikuwa maneno ya mke kwa mume wake. Si ya masikio ya baba mkwe, hata ziwa likiwa katikati yetu. Lakini kuna siku nyingine, sikufichi, namwona Ambakisye anapalilia huku anatabasamu peke yake, na nawaza, ulimwambia nini, binti?

Tangu siku ile, nikifika kwenye mlango wa banda langu nakohoa kwanza. Wageni wanafikiri nina kifua. Nakohoa, nahesabu pumzi, ndipo naingia.

Na wewe unayesoma, unayekaa kwenye kochi lako ukicheka filamu za watu maskini, kwamba damu ni nyanya na panga ni boksi. Cheka, hata mimi nilicheka. Ila siku ukiingia mahali, kila mtu akanyamaza na kugeuka kukuangalia, na kwenye picha kuna mtu amekupa mgongo, usiulize ni kwa nani hapo. Usianze kubishana kama nilivyobishana mimi. Umeme hausubiri mtu amalize ubishi, na mimi mwanangu aliponea kwenye dakika chache zilizobaki baada ya ubishi wangu. Toka nje. Simama hata kwenye mvua. Kuna mtu ana neno lake, na wewe umesimama njiani.