Isome Wewe Kwanza

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa masomo katika misa ya kwanza hapa Rulenge, na sitaficha, nilijiona hodari. Wazee walinisifu kwamba umeme ukikatika, sauti yangu hufika benchi la mwisho bila kipaza sauti. Ndiyo maana nilipojiunga na mafunzo ya kusoma matangazo kwa njia ya simu, nilidhani nakwenda kuchukua cheti tu.

Mwalimu alikuwa Dar es Salaam. Alitupanga watatu watatu, akatutumia maandishi ya mazoezi, akasema tukosoane wenyewe kila Jumamosi kabla ya kumpelekea yeye. Wenzangu wawili sikuwa nimewahi kuwaona. Mmoja alikuwa wakala wa forodha pale Rusumo, baba wa watoto wanne, aliyerekodia ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimefungwa, jasho linamtoka, na bado malori yalisikika. Wa pili alikuwa mkulima wa Kaniha, mama wa Kisukuma wa rika langu, aliyejifungia ghalani katikati ya magunia ya mahindi kwa sababu magunia humeza mwangwi. Mimi nilijifunika blanketi, mtu mzima na heshima zangu.

Mama wa Kaniha ndiye aliyetuwekea utaratibu. Alisema ukimwona mwenzako analima vibaya, husimami kando ukaongea. Unashika jembe, unalima tuta moja, ndipo unasema. Kwa hiyo, anayetaka kukosoa sentensi ya mwenzake aisome yeye kwanza, kisha atoe neno lake. Na atoe kwa sauti, asiandike.

Ulikuwa utaratibu mzuri kuliko nilivyotaka kukiri. Wa Rusumo alisoma mbiombio, na mara ya kwanza nilikuwa tayari kumpa vidonge vyake. Nikaisoma sentensi yake, nikajikwaa palepale alipojikwaa yeye. Basi, nikajikuta nazungumza kwa upole.

Kasoro yangu mimi ilionekana kwenye tangazo la sabuni ya unga. "Povu la kutosha, nguo safi, mama anapumzika," nilisoma, nikateremsha sauti pale mwisho na kunyamaza, kama nifanyavyo pale mbele kila Jumapili. Wa Rusumo aliirudia sentensi yangu kwa utulivu, akanyamaza kama mimi, kisha akaitikia kama waumini baada ya somo: "Tumshukuru Mungu."

Mama wa Kaniha alituma kicheko kirefu. Nami nilituma changu, lakini kilikuwa cha midomoni. Ndani niliungua. Miaka yote ile mbele ya waumini, leo naambiwa nauza sabuni kama nasoma waraka kwa Wakorintho.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama wa Kaniha, tangazo la chanjo ya watoto. Alivuta maneno, akayapandisha mwishoni, yakaenda mbali. Sikuisoma sentensi yake. Niliandika, kwa vidole, mbele ya mwenzetu: "Dada, unasoma kama unaita ng'ombe zizini."

Ningekuwa sijui lolote juu yake, ningejitetea. Lakini nilijua. Alikuwa ametusimulia kwamba alianza shule akiwa na Kisukuma tu, akaambiwa asimame asome, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo hakusoma tena kwa sauti mbele ya mtu. Sisi wawili ndio tulikuwa watu wa kwanza kumsikia.

Aliuona ujumbe. Jumamosi iliyofuata hakutuma kitu, na ya pili yake vilevile. Nilimpigia, simu ikaita hadi ikakata. Wa Rusumo, ambaye kwa kawaida hakosi mzaha, alinipigia akiwa hana hata mmoja.

"Dada, hili ni lako," alisema. "Mimi nikimtafuta atadhani umenituma."

Hasira hasara, tunawaambia watoto kila siku. Nikakata mkungu wa ndizi, nikamwandikia kwamba ninakuja, nikapanda gari la Biharamulo, kisha bodaboda hadi Kaniha, mkungu umefungwa nyuma yangu. Alijibu neno moja tu: "Karibu."

Alinipokea kama mgeni anavyopokewa. Akauchukua mkungu, akanipa kiti, akaleta maji ya kunawa. Nilimwamkia mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Aliitikia marahaba, kisha akainua uso na kumuuliza mkwewe, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu siye yule anayesoma kama katekista?"

"Ndiye," mwenzangu alijibu, bila kunitazama.

Kumbe alikuwa akimchezea rekodi zetu wakati wa kupika. Kikongwe alinijua kwa sauti kabla ya sura. Alimjua na wa Rusumo, akauliza kama yule mtu wa malori hajambo. Nikatamani ardhi ipasuke. Mtu alikuwa ameniingiza jikoni kwake, nami nikamtupia neno mbele ya watu.

Tulikula ugali kwa mlenda na maziwa ya mgando. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya mbegu. Nilipoona kikongwe ameingia ndani kulala kidogo, nikasema nililolijia. Nilimwambia nilikosa, kwamba kicheko cha siku ile kiliniuma nikakitolea kwake, na kwamba nilijua lile neno litampata wapi. Sikuongeza wala kupunguza.

Alikuwa anakusanya sahani. "Nimesikia," alisema.

Basi. Hakusema yameisha, hakusema hayajaisha. Wakati wa kuondoka alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akanisindikiza hadi kwenye bodaboda, akanitakia safari njema. Njia nzima nilikuwa na mfuko ule mapajani, najiuliza kama nimesamehewa au nimefanyiwa tu adabu za nyumba ile. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu, hata awe nani.

Jumamosi ilipofika nilirudia tangazo la sabuni, nikatuma, sikutarajia kitu. Wa Rusumo akatuma lake. Nilikuwa bado chini ya blanketi simu ilipolia. Ilikuwa rekodi kutoka Kaniha.

"Povu la kutosha, nguo safi, mama anapumzika," alisoma. Aliisoma yote, kwa sauti ileile inayokwenda mbali, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mama wa tangazo, amekaa, miguu ameinyoosha. Nyuma ya sauti yake ng'ombe alilia, karibu kabisa, naye hakukata.

"Leo siko ghalani," aliendelea. "Niko zizini, kama ulivyosema. Sasa nisikilize wewe, dada. Pale mwisho bado unasubiri waumini. Hakuna waumini. Kuna mama mmoja na beseni lake, mwambie yeye. Rudia."

Nililia kidogo, kwa furaha, humohumo gizani. Kisha nikapangusa uso, nikarudia.