Leland Kovarik na Septemba ya Korongo

Leland Kovarik alikuwa fundi wa mashine za kuvunia mahindi, na siku tano za juma hapakuwa na mtu mpole kumshinda katika mji wetu wa Dannevik, kule Nebraska. Angeweza kulala chali chini ya mashine saa nzima, mafuta machafu yakimdondokea shingoni, usimsikie akitoa hata neno moja baya. Lakini ikifika Jumamosi ya Septemba, Korongo wakaingia uwanjani, ungejiuliza kama huyu ndiye aliyekuazima ngazi juzi.

Korongo ni timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Loup Fork, chuo chetu. Leland hakusoma pale hata siku moja. Baba yake alikuwa mmoja wa waashi waliojenga ukuta wa kusini wa uwanja, na Leland alipopata kazi ya kwanza alikata tiketi mbili za msimu mzima, safu ya kumi na nne, karibu na katikati. Alikalia kiti kile miaka thelathini na nne. Mkewe, Arlys, alikaa naye miaka ishirini na mitatu, kisha akasema magoti yanamuuma, tiketi yake akanipa mimi jirani. Baada ya mechi mbili nilielewa kwamba magoti yale hayakuwa na ugonjwa wowote.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na kocha mpya, Pruett, mtu mwenye meno mazuri na maneno mengi. Kiangazi kizima alizunguka kwenye kumbi za makanisa akituomba subira, kwa sababu timu inajengwa upya. Leland alimsikiliza hadi mwisho, sahani ya pai mapajani. Tulipotoka aliniambia huyu ni kocha wa nne anayemsikia akijenga upya. "Nyumba gani hii," alisema, "kila mwaka msingi, kila mwaka msingi, haiezekwi?"

Mechi ya kwanza tulicheza na Weller, chuo kidogo ambacho uwanja wake una viti upande mmoja tu. Zilibaki dakika mbili, tulikuwa nyuma kwa alama tatu, mpira tunao sisi. Katika mpira wetu huu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na sisi tulikuwa kwenye jaribio la nne, imebaki yadi moja. Moja tu. Pruett akaagiza mpira upigwe mbali, wapewe Weller.

Leland alisimama. Hakupiga kelele. Alinigeukia kwa sura ya mtu aliyeibiwa mchana kweupe huku mwizi akimtazama.

"Yadi moja," alisema. "Mimi na wewe tungejiangusha tu kifudifudi tukaipata. Huyu bwana kawapa mpira?"

Weller waliushika mpira mpaka muda ukaisha.

Mechi ya pili ndiyo iliyomtoa machozi. Tulikwenda mapumziko tukiongoza kwa alama kumi na saba. Tuliporudi, Pruett aliamua kulinda alichokuwa nacho. Kila mpira alimpa mkimbiaji yuleyule apite katikati palepale, ambapo Sandoz, wapinzani wetu, walikuwa wamejazana kama watu wanaogawiwa chakula cha bure. Leland alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Mara kumi na moja, aliniambia, mara kumi na moja wamempeleka yule kijana kujigonga kwenye ukuta uleule, na punda akijigonga mara mbili huwa anageuka. Tulifungwa kwa alama nne.

Ya tatu ilichezwa Sorrel. Tuliendesha gari lake kwa muda wa saa tatu, mvua haikatiki. Tulipigwa arobaini na moja kwa tatu. Mrushaji wetu, yule anayewarushia wenzake mpira, kijana anayeitwa Tate Jurgens, aliweka mipira minne mikononi mwa maadui. Tukirudi, Leland hakufungua redio. Tulisimama njiani kununua runza, ile mikate iliyojazwa nyama na kabichi, akala nusu ya wake akaufunga tena kwenye karatasi. Sikuwahi kumwona Leland akiacha runza.

Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, kulikuwa na kipindi cha Gordy Maske redioni, watu wanapiga simu kuizungumzia timu. Leland alipiga kila Jumatatu, na mji mzima ulimjua kama Leland wa mtaa wa Pili. Siku ile alianza na yadi moja ya Weller, akaja kwenye mara kumi na moja za Sandoz, na hapo alikuwa bado ana haki. Kisha Gordy akamuuliza anamwonaje mrushaji.

"Yule?" alisema Leland. "Yule anarusha mpira kama bibi anayewatupia kuku mahindi, Gordy. Utakapoangukia, kuku yeyote atakayewahi, ni wake."

Gordy alicheka mpaka akakohoa. Kwa kinyozi walicheka, kwenye kituo cha mafuta walicheka, na mimi pia nilicheka, siwezi kukataa. Arlys, aliyekuwa akimenya viazi jikoni, alizima redio. Alimuuliza mumewe kama anajua kwamba yule kijana ana wazazi. Leland alimjibu kwamba kila mtu ana wazazi, hata Pruett.

Jumatano mwenye karakana alimtuma kwenye shamba moja maili kumi na mbili kaskazini. Mashine ilikuwa imesimama katikati ya mahindi, na mkulima hawezi kungoja. Kwenye karatasi pameandikwa W. Jurgens. Akina Jurgens ni wengi wilayani kwetu, kwa hiyo Leland alikwenda akijipa moyo. Alipoingia kwenye kiwanja cha shamba aliona ghala limechorwa korongo mkubwa wa kijivu, na chini yake namba saba, namba ya Tate. Alinieleza baadaye kwamba alitamani ageuze gari akaseme amepotea njia.

Wendell Jurgens alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alimpeleka kwenye mashine. Beringi ilikuwa imeungua na kukwama, kazi ya saa nne kama una bahati. Wendell alibaki palepale akimpa spana, akimshikia taa. Walizungumza habari za mvua. Mchana mkewe, Corinne, alileta sahani mbili za nyama na viazi, akaweka ya Leland kwenye ngazi ya mashine bila kumtazama, akarudi nyumbani.

Wendell alisubiri mpaka mlango ukafungwa.

"Wewe ndiye Leland wa mtaa wa Pili."

"Ndiye mimi."

"Nilikujua kwa sauti uliposhuka tu garini." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Umemwonea kijana wangu."

"Nilisema vibaya, bwana Jurgens. Nakubali."

"Mimi sijafika kwenye ulivyosema. Naanza na ulichosema. Wenzake wa upande wa kushoto hawamkingi. Anarusha huku majitu mawili yamempanda mgongoni. Ungekuwa wewe, hata hao kuku usingewapata."

Leland alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa hilo alikuwa na majibu. Hakujiandaa kusikia hoja. Akasahau sahani. Alisema upande wa kushoto ameuona tangu mechi ya Weller, na dawa yake iko benchi, yule mnene wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mchinjaji. Wendell akasema mnene ana nguvu lakini miguu mizito. Leland akasema miguu mizito ni bora kuliko mlango ulio wazi. Wakachukua nati na skrubu wakazipanga juu ya kisanduku cha vifaa, hii ukuta, hii mrushaji, hawa maadui, wakabishana karibu nusu saa huku mahindi yakingoja. Juu ya Pruett hawakuwa na ubishi hata kidogo.

Kisha Wendell akazikusanya nati zote kiganjani.

"Haya yote mimi huyasema kila Jumamosi," alisema. "Ila huyasemea garini, madirisha yamefungwa. Mama yake hajaenda dukani tangu Jumatatu. Watu wanamuuliza kuku wanaendeleaje."

Leland alirudi chini ya mashine akamaliza kazi, na injini ilipoitika hakungoja shukrani. Alitembea mpaka kwenye nyumba, akavua kofia, akabisha. Corinne alifungua nusu ya mlango. Leland akamwambia kwamba alifanya utani juu ya mwanawe bila kufikiri, na anaomba radhi.

"Utani uliutoa redioni," alisema Corinne. "Radhi unaniletea mlangoni?"

Akafunga, taratibu tu, bila kuubamiza.

Jumamosi ile tulicheza nyumbani na Burwick. Sijui nani alimshauri Pruett, lakini mtoto wa mchinjaji alianza upande wa kushoto, na Tate Jurgens hakuwapa maadui hata mpira mmoja. Leland hakuwa na raha hata hivyo. Hatukuvuka mstari wao wa mwisho, unaoleta alama sita, mchana kutwa. Mara tatu tulifika karibu, mara tatu Pruett akaogopa, akamwita mpigaji aupige mpira kwa mguu, tupate alama tatu tatu. Ya mwisho ilikuwa imebaki yadi moja. Tukashinda tisa kwa sita. Wanafunzi walimwagika uwanjani, ngoma zikapigwa. Leland aliketi ameshika kichwa.

"Tumeshinda," nilimwambia.

"Nimeona," alisema. "Nilikuwepo."

Jumatatu alipiga simu, na Gordy alimpokea kwa kicheko akitegemea kichekesho kingine. Leland alisema kwanza ana neno kwa Bibi Corinne Jurgens. Alilolisema juma lililopita juu ya Tate lilikuwa la kipumbavu na la uongo pia, kwa sababu kijana hakuwa na ukuta wa kumkinga. Analirudisha hapahapa alipolitolea. Ndipo Gordy, akitaka kumwinua, akamuuliza kama basi amefurahia ushindi.

"Nifurahi?" alisema Leland. "Alama tisa, Gordy? Kwa miguu?"

Akaendelea dakika tisa. Matangazo ya mbolea yalisogezwa mbele. Arlys alinieleza kwamba alimaliza kumenya viazi, akaviosha, akavibandika jikoni, na mumewe alikuwa hajatoka kwenye robo ya pili ya mechi.

Siku ya pili yake Corinne alionekana dukani, akinunua sukari. Mtu mmoja alianza habari za kuku; muuza duka akamnyamazisha.

Msimu ule tulimaliza na ushindi wa mechi nne na vipigo saba. Chuo kikampa Pruett mwaka mwingine. Leland aliandika barua ya kurasa mbili kwa mkuu wa chuo, akajibiwa kwa mistari mitatu ya shukrani. Februari, tiketi zilipoanza kuuzwa, alikuwa wa kwanza dirishani, theluji imemfika kwenye vifundo vya miguu. Alirudi na zote mbili, amenuna, akanipa ya kwangu.