Mguu na Jumamosi ya Nne

Colombe ni mshonaji wa mtaa wa Nguba, na mashine yake ni ya kukanyaga. Mshonaji wa namna hiyo bila mguu wa kulia ni mtu bure, na mguu huo ndio uliokuwa ukimfanyia visa. Maumivu yalianza ndani ya nyonga, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayo ukafa ganzi. Siku nne, tano, kisha yanaondoka zake, halafu yanarudi tena. Miaka sita sasa.

Hospitali alikwenda, usidhani hakwenda. Daktari wa kwanza alipiga picha ya mgongo, akaona mzima. Wa pili alimwambia apunguze kukaa, yeye mshonaji. Wa tatu aliuliza kama ameolewa. Aliposikia hapana, akatabasamu na kumwandikia vitamini. Colombe alitoka pale na hasira hata akasahau mwavuli wake.

Mwaka huu Maman Consolate, kiongozi wa kwaya ambamo Colombe mwenyewe huimba, alimpa vikwembe, vitambaa vya kushona sare za waimbaji ishirini na wawili. Kazi kama hiyo ndiyo inayompa mshonaji jina. Siku ya kupima ilipofika, alimkuta Colombe amelala chali sakafuni, mguu juu ya kiti.

"Weye uko unanichezea," Maman Consolate alisema, akafungua kaye, lile daftari la mahudhurio ya kwaya. "Angalia. Jumamosi tatu uko, ya ine hauko. Mwaka muzima. Ugonjwa gani iko inafuata kalandriye? Kesho nakamata vikwembe vyangu, napeleka kwa mwingine."

Colombe alitaka kumjibu vibaya. Lakini macho yalikwama kwenye ile kaye, akahesabu kwa vidole. Kila Jumamosi ya nne alikuwa mwezini. Madaktari walimuuliza habari za mguu, naye akajibu habari za mguu. Nani angemwambia mwanamume anayemgonga goti kwa kinyundo mambo ya damu?

"Maman, niazime hii kaye," alisema. "Na vikwembe uniachie mpaka nirudi."

Wiki ile ile, daktari wa nne alikuwa ameshachukua karatasi ya kuomba picha ya mgongo. Colombe akaweka kaye juu ya karatasi hiyo.

"Soma kwanza, dokta."

Alisoma. Akauliza kuhusu damu, na maumivu ya tumbo. Kisha akaeleza taratibu kwamba kuna ugonjwa, endometriosi, ambapo nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Ikishika mishipa ya fahamu ya nyonga, mguu huumia kila mwezi. Vipimo vingine vitahitajika.

"Kwa nini haukusema zamani, maman?" daktari alimuuliza.

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Alirudi akiwa bado amekasirika, akakaa kwenye mashine, na Maman Consolate alipokuja, akamrudishia kaye na kumweleza yote. Yule mama akatoa kalamu, akafungua ukurasa wa kwanza, akafuta neno "absent" kwenye jina la Colombe na kuandika "mugonjwa", akaendelea hivyo ukurasa kwa ukurasa. Colombe hakumzuia, wala hakumshukuru. Alikuwa anashona sare ya tatu.