Gunia la Magunzi

Wifi yangu Subira akikuiga, utajiona. Simsifu, maana mimi mwenyewe alishaniiga mbele ya wageni wangu, namna ninavyonusa maziwa kabla ya kuyanunua, nikamnunia wiki nzima. Ndivyo alivyo. Familia yao ni watu wa korosho wa Tunduru, na hapa Songea anauza korosho za kukaanga. Lakini ukiuliza mtaani kwetu, hawamjui kwa korosho. Wanamjua kwa misiba.

Sisi Wayao na Wangoni ni watani. Akifa Mngoni, Subira anatinga msibani amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chai yake na kugombeza wajukuu. Wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukimkasirikia mtani, watu watakuuliza umelelewa wapi.

Mtani wake mkuu alikuwa jirani yetu, Mzee Hironimus. Ua wa michongoma tu ndio unaotutenganisha. Kila asubuhi tuliamshwa na hao wawili.

"We mateka wangu!" Hironimus anapaza sauti akiwa anapiga mswaki. "Babu yangu alikuteka bure? Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

"Oga mate, Mngoni mwoga!" Subira anajibu. "Mlikuja na ngao kumbe mnakimbia wake zenu!"

Hapo ndipo siku ilianza. Mimi nilikuwa naona kelele tupu. Sasa ninazitamani hizo kelele, wallahi.

Mwaka jana Mwalimu Valence, yule wa kikundi cha maigizo, alitunga mchezo wa jukwaani kuhusu ile miaka vyuma vilipokaza. Kila mtu anaikumbuka. Tumbaku ya Namtumbo ilikosa mnunuzi, pesa ikapotea mjini, maduka yakawa yanafunguliwa kwa mazoea tu. Mwalimu alitaka watu wa kawaida waigize watu wa kawaida. Subira akapewa nafasi ya baba wa familia, kwa sababu hakuna mwanaume pale aliyejua kutembea kama mwanaume kumzidi yeye.

Mazoezini mchezo ulikuwa umepooza. Mwalimu Valence akawa anawasihi, "Jamani, leteni kitu cha kweli. Watu hawaji kusikiliza hotuba."

Basi wifi yangu akaleta kitu cha kweli. Sisi nyumbani hakutuambia.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Mzee Hironimus alikaa mbele na mkewe, Mama Kasiana, na pembeni yao wakwe zao waliotoka Peramiho. Alikuwa amekuja kumzomea mtani wake, mwenyewe alitutangazia hivyo mlangoni.

Subira akatokea anasukuma baiskeli. Suruali imekunjwa mguu mmoja, kofia imevutwa nyuma, na kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kusalimia watu. Ukumbi mzima ukamtambua Hironimus. Vicheko! Hironimus mwenyewe alicheka, akajipiga kofi gotini. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na gunia lililofungwa kwa mpira, limejaa. Yule baba akawa anapita kila mlango, anahema, anajifuta jasho, anasema kwa sauti, "Aa, unga huu mzito! Watoto wangu watavimbiwa!" Halafu akaingia ndani, akafunga mlango, akamwaga gunia. Yakatoka magunzi. Magunzi matupu ya mahindi, yakabingirika jukwaani, na watoto wake wakayatazama.

Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Mimi nilicheka. Kisha nikamtazama Hironimus. Alikuwa ameshika mkono wa mkewe, na mkewe anaangalia chini. Wakwe walikuwa wakimtazama yeye, si jukwaa.

Nyumbani Subira aliniambia yote, kabla hata hajavua ile suruali. Ilikuwa kweli. Hironimus alikuwa ameweka shamba lote tumbaku mwaka ule, na tumbaku hailiwi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapa wenzake mahindi miaka yote, hivyo hakuweza kuvumilia kuchangiwa. Akawa anaokota magunzi kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, anayapitisha mtaani kama unga. Siku moja baiskeli ikamwangukia karibu na ua wetu. Subira akaenda kumsaidia, akalinyanyua gunia kwa mkono mmoja. Wakatazamana.

"Mtani," Hironimus akamwambia, "hili usilifanyie utani."

Na Subira akamjibu, "Lipi? Mimi nimeona unga."

Miaka yote hiyo hakusema, hata kwa mama yake. Mwanamke mwenye mdomo kama ule!

"Sasa ilikuwaje, wifi?" nikamuuliza.

"Nilidhani imeshapoa," akasema. "Tena jukwaani, Zulfa. Nilidhani jukwaani ni kama msibani, hakuna kukasirika." Akakaa kitako sakafuni. "Walivyocheka nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi."

Asubuhi alitoka mapema, akasimama kwenye ua. Hironimus akatoka na mswaki wake.

"Mngoni mwoga!" Subira akamwita, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Habari za asubuhi, Mama Chande," Hironimus akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mmeamka salama?"

Basi. Aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, akaingia ndani. Mtu wa mbali angesema, ee, jirani mwenye adabu huyo. Lakini mtani akikuheshimu, amekufukuza.

Nilimsindikiza kwenda kuomba radhi, na jogoo tumembeba. Tulipewa viti vya wageni. Tukapewa soda. Subira akapiga magoti, na Hironimus akamwinua taratibu.

"Hakuna kosa, mama. Ulikuwa mchezo tu."

"Nitukane basi!" Subira akalia. "Niite mateka, niite lolote!"

"Nitakutukanaje, mama? Wewe ni mtu mzima." Na akatusindikiza hadi barabarani.

Tangu hapo Subira hajaiga mtu. Amekuwa akiitwa misibani, anasingizia mgongo. Korosho zinamuungulia kikaangoni. Mwalimu Valence alitaka kuupeleka mchezo Madaba, Subira akamfukuza kwa mwiko, nusura ampige.

Mwezi huu mama mkwe wangu, mama yake Subira, akafariki. Inna lillahi. Mtaa ulijaa. Watani Wangoni walikuja, wakatuficha sufuria, wakakalia kuni hadi tuwape chochote. Subira aliwatazama bila kucheka. Alikuwa anasubiri mmoja.

Akaja. Tulimwona anasukuma baiskeli, suruali imekunjwa mguu mmoja, na nyuma gunia limefungwa kwa mpira. Watu wakageuka kumtazama Subira, kwa sababu nusu yao walikuwa ukumbini siku ile. Nikamsikia Subira anavuta pumzi. Uso ulimfunguka, machozi na kicheko pamoja, nami nikasema moyoni, alhamdulillahi, analeta magunzi! Amekuja kulipiza, yamekwisha!

Subira alikimbia bila viatu. Akafungua ule mpira, akaweka mkono mmoja chini ya gunia, kama siku ile, akanyanyua.

Halikunyanyuka. Likamlemea hadi akayumba, na unga ukamvujia kwenye kanga.

"Pole pole, mama, ni zito," Hironimus akasema. "Shika huku, mimi nishike huku." Wakalishusha pamoja. Akasafisha koo. "Poleni sana na msiba, Mama Chande."

Akaenda kukaa na wanaume, akaomba maji, na alipomaliza akaaga kwa adabu zote. Ule unga ulitosha wageni wote mchana ule. Subira alisonga ugali mwenyewe, akawapakulia watu hadi wa mwisho, kisha akainua sufuria tupu akaenda kuiosha. Hakula.