Maharage Yenye Harufu ya Makambako

Chwaa, ko-ko-ko. Chwaa, ko-ko-ko. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu, maharage yakirushwa kwenye ungo na kudakwa, yakirushwa na kudakwa, nje ya jiko la bibi yangu, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabonde ya Njombe kama blanketi lililosahauliwa kukunjwa. Wengine hukumbuka kengele ya kanisa, wengine hukumbuka malori ya magome ya miwati yakihema mlimani. Mimi nakumbuka maharage. Bibi, mama yake baba, macho yake yalikuwa yamechoshwa na moshi wa miaka mingi, kwa hiyo hakuyaangalia maharage tuliyochambua, aliyasikiliza. Alikaa ndani, miguu kaielekeza motoni, sisi tunapepeta nje, mara sauti inatoka: "Bado. Mna dongo humo." Tunatafuta, na kweli dongo lipo, limejificha kama mtoto aliyekwepa shule. Maharage machafu yalikwaruza. Maharage safi yalilia vizuri, kama mvua ya mawe madogo kwenye bati, na hapo Bibi alisema neno moja tu, "Haya," na mtu ukajiona umefaulu mtihani.

Msimu ninaousimulia ni ule ambao baba mdogo Yeremia alikuwa ameoa. Mwingereza alikuwa bado anatutawala na mimi nilikuwa darasa la pili, katika hayo madarasa manne niliyobahatika kusoma. Mke wa baba mdogo aliitwa Yudita, nasi watoto tulimwita mama mdogo, na alitoka Makambako. Mtoto wa leo hawezi kujua neno hilo lilivyokuwa tamu masikioni mwangu. Makambako kulikuwa na njia panda, na maduka, na malori yaliyotoka nchi nisizozijua yakaenda nchi nisizozijua. Sikuwahi kufika, kwa hiyo niliujenga mji huo kichwani kwa vifaa vyangu mwenyewe: taa kila mti, watu wote wamevaa viatu, na chakula kinachonukia hadi unapiga magoti. Baba yake mama mdogo alikuwa mpishi wa Mhindi mwenye duka, na mama mdogo alikua akicheza jikoni humo kwa Mhindi. Nilimfuata kama kifaranga. Alikuwa mpole, mrefu, mcheshi, na alikuwa na shida moja.

Hakuwa na mafiga yake. Kwetu, bibi harusi alianza kwa kupika kwenye mafiga ya mama mkwe, chini ya jicho lake, au sikio lake, kama alivyokuwa Bibi. Ilipofika siku ya kupura maharage, majirani wote wakaja kusaidia, ni yeye aliyewapikia maharage mapya ya siku hiyo. Chungu kikirudi kitupu, mama mkwe alimkabidhi mafiga matatu, akawashe moto nyumbani kwake, awe mke kama wake wengine. Chungu kikirudi na chakula, bibi harusi alisubiri mavuno mengine. Baba mdogo alikwisha kujenga nyumba, imesimama pale ng'ambo ya uwanja, imepakwa udongo mwekundu vizuri, lakini nyumba isiyotoa moshi ni ghala tu. Kila jioni mama mdogo aliifagia nyumba ile isiyo na jivu la kufagia. Nilimwona akisimama katikati, pale moto utakapokaa, akipima kwa macho.

Sasa nije kwenye jani lililoleta maneno. Mama mdogo alikuja na mbegu za giligilani, amezifunga kwenye pembe ya leso, akazipanda nyuma ya jiko tunapomwaga maji ya vyombo. Nilimsaidia kumwagilia, nikiamini kwamba kinachoota pale ni Makambako yenyewe. Majani yalipochanua, madogo, yenye visigino na vidole kama miguu ya ndege, akachuma moja, akalisugua, akaniletea puani. "Nusa kwetu," akasema.

Nikanusa. Mji wangu wote ukaanguka, taa, viatu na kila kitu. Mkulima wa maharage yeyote anamjua yule kidudu wa kijani, mwenye mgongo kama ngao, anayekaa kwenye majani ya maharage. Ukimminya kwa bahati mbaya wakati wa kung'oa, vidole vinanuka mpaka kesho, na ugali wako unanuka, na mto unaolalia unanuka. Basi ndiyo harufu ileile, bila kupungua. Yaani mtu kaacha mboga ya maboga, kaacha figili, kaacha uyoga wa msituni unaoota bure, kavuka mabonde na mbegu ya kidudu kwenye leso! Wahenga wanasema ukipenda boga, upende na ua lake. Mimi boga nililipenda kwa moyo wangu wote. Hilo ua, walile wenyewe wahenga.

Siku ya kupura ilikuwa ya jua kali na upepo wa baridi. Wanaume walipiga marundo kwa fimbo, wanawake wakapeta, vumbi likapanda, na vile vidudu vikatimka na kupondwa miguuni mpaka uwanja mzima ukanuka. Mimi na mama mdogo tulikaa kando tukichambua ya kupika. Tulichambua, wacha we! Hakuna dongo, hakuna ganda, hakuna mguu wa mdudu. Kutoka ndani Bibi alisema, "Haya." Tukaangaliana tukacheka. Maharage yakaiva, mekundu, mazito, yakiwa na kitunguu na mafuta kidogo, nayo yalinukia kiasi cha kumfanya mtu asamehe maadui zake. Ndipo mama mdogo akainuka kwenda nyuma ya jiko.

"Mama mdogo, usiweke," nikamwambia. "Watu hawatakula."

"Kwetu maharage bila majani ni ya siku ya kazi. Leo si ni sikukuu yangu?"

"Yananuka kidudu."

Akanibana pua yangu kwa vidole viwili, akacheka. "Pua ya shamba hii. Iache ikue." Akakatakata majani kiganja kizima, akayamwaga chunguni.

Chungu kikawekwa katikati ya uwanja, watu wakanawa, wakazunguka. Mzee wa kanisa akaanza kusali, na sala zake zilikuwa ndefu. Aliombea mvua, wagonjwa, wasafiri, na serikali. Macho yote yalifumbwa. Lakini pua haifumbwi. Mvuke ukatembea polepole kutoka kwa mtu hadi mtu, na mimi niliyekuwa nachungulia niliona kila uso ulipofikiwa: paji linajikunja, midomo inabana, mtu anageuza shingo na kuirudisha kwa kumwogopa Mungu. Hata sala yenyewe iliishia njiani. Wasafiri waliombewa, serikali haikuombewa, tukasikia amina.

Hakuna mkono uliokwenda chunguni. Mama Zakaria, jirani yetu, mwanamke aliyejipa kazi ya kuonja vyungu vya kijiji kizima bila kuombwa, akachovya kidole, akalamba, akatema pembeni.

"Jamani, kamwene!" akasalimia kama vile ndiyo kwanza afike. "Bibi harusi wa Makambako hakuchambua. Katupikia vidudu."

"Nimechambua, mama," alisema mama mdogo.

"Umechambua ukatoa maharage, ukaacha vidudu?"

Watu wakacheka. Mama mdogo hakulia. Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na shina zima lenye udongo, akamkabidhi. "Ni hili jani, mama. Tunalipanda."

Mama Zakaria akanusa, akaliinua juu watu wote walione. "Kumbe! Sisi vidudu vinatujia wenyewe na tunavikimbiza. Wenzetu wanavipanda kwa mstari!"

Hicho kicheko bado nakidharau hadi leo. Walicheka watu walioshinda asubuhi nzima wakitembea juu ya vidudu vyenyewe, na miguu yao ikinuka kuliko chungu. Walicheka watu waliokuwa wanaimba kanisani kwamba mgeni akaribishwe. Nyani haoni kundule, basi, na penye wengi nyani nao huwa wengi. Pua yangu ilikuwa upande wao, ni kweli, sina haja ya kuipamba. Lakini pua ni kitu kimoja na ulimi ni kitu kingine. Kuna aliyenusa akanyamaza, na kuna aliyenusa akapata shibe kwa kumcheka mtoto wa watu. Mama mdogo alisimama akiitazama ile nyumba yake isiyo na moshi, ng'ambo pale, na mikono yake haikujua ikae wapi.

Bibi akatoka ndani, anapapasa ukuta. Kicheko kikakatika.

"Nani anasema hayakuchambuliwa?"

Mama Zakaria akaanza kutafuta kitu kwenye khanga yake.

"Nimeyasikia kwa masikio yangu. Yalilia vizuri kuliko yako, mama Zakaria, ambayo kila mwaka tunakula na madongo tukisema asante." Kisha akanyoosha mkono apewe shina, akalinusa. Akalinusa tena. Uso ukajikunja kama ngozi iliyoanikwa. "Mkwe wangu," akasema, "wewe ni msafi. Lakini jani hili ni tusi."

"Ndiyo, mama," alisema mama mdogo, kwa sauti ndogo.

"Utaacha kulipika?"

Nilimwombea aseme ndiyo. Neno moja tu, mafiga yawe yake! Akalitazama lile shina. "Nitajaribu kupunguza, mama."

Bibi akawageukia watu. "Huyu hataacha. Na mimi siwezi kukaa jikoni mwangu na harufu hii hadi mavuno mengine, nitakufa kabla yake. Yeremia! Chukua mafiga yale matatu nyuma ya banda, umpelekee mkeo. Ayaweke upande ule upepo unakoelekea, harufu iende mbali."

Hivyo ndivyo mama mdogo Yudita alivyopata jiko lake, chungu kikiwa kimejaa. Jioni ile moshi ulitoka kwenye ile nyumba kwa mara ya kwanza, na ukanuka kidudu.

Sasa Mwingereza amefunga mizigo yake, mimi nafuma masweta Njombe mjini, na mama mdogo na baba mdogo wamehamia Makambako, ambako mama mdogo ana hoteli karibu na mahali yanaposimama malori. Mji wenyewe, nilipoufikia, ni vumbi na kelele. Nilijenga wangu vizuri zaidi. Na giligilani imekuwa jambo la kujivunia. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Nimemwona kwa macho yangu Zakaria, ndiye huyo huyo mtoto wa mama Zakaria, sasa dereva, kakaa hotelini humo kainua sahani: "Mama, niongezee majani, bila majani chakula hakipandi!" Mama yake alitema, mwana anagombania. Na wote hao ukiwauliza watakwambia walilipenda tangu utotoni. Mimi nitabaki na pua yangu ya shamba. Haikukua na haina mpango. Mama mdogo anaijua, kwa hiyo sahani yangu huipakua kabla hajatia majani, bila neno, kila nikienda.

Isipokuwa juzi. Hoteli ilikuwa imejaa, mama mmoja anayemsaidia kupakua, asiyenijua, akaniletea sahani ya maharage yenye majani mabichi juu. Nilikaa pembeni peke yangu, nikayachambua majani, moja moja, nikayapanga ukingoni. Yakawa mengi. Sahani ile ikaanza kusema maneno ya mama Zakaria, mbele ya wateja wa mama mdogo. Nyuma ya ukuta nilisikia ungo wake, chwaa, ko-ko-ko, maharage ya kesho, safi, bila dongo hata moja. Kisha sauti ikakatika, nikajua ameambiwa nimefika, anakuja. Nikayakusanya majani yote kwa kidole, nikayatia kinywani, nikafumba macho kama wakati wa sala, nikayameza bila kuyatafuna, kama kwinini, na kwa tonge la mwisho nikaufuta ukingo wa sahani.